Wanapata Wapi Maji?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi iliyopita kwenye kikao chetu cha wasomaji, Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi, wakaniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizokuwa nikizionesha ukutani nimeziondoa. Nusu ya muda mashine yenyewe ilikuwa imezima.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeona wengine mmeingia na viatu mkononi, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi.

Nianze na aibu yangu ya kidato cha tatu. Tulikuwa tunasoma Kusadikika ya Shaaban Robert. Mnaijua. Ni kitabu cha mwaka 1951, na jina lake lina mkia: Nchi Iliyo Angani. Mwalimu alikuwa ametupangia ubaoni kama ilivyo desturi: dhamira, wahusika, mandhari, falsafa ya mwandishi. Chini ya mandhari akaandika neno moja, "angani", akapiga mstari, akaendelea. Mimi nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, kama nchi iko angani, wanapata wapi maji?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, ila siku hiyo chaki ilikuwa imemwishia na uvumilivu pia. Akaniambia, "Hilo haliulizwi kwenye mtihani. Kaa chini."

Nikakaa chini. Lakini jamani, mtoto wa Mbagala angeuliza nini kingine? Kisima cha jirani yetu kilitoa maji ya chumvi. Hayo ni ya kupigia deki, ya kuoshea vyombo, ya chooni. Ukiyafulia, sabuni inagoma kutoa povu. Ukiyapikia chai ya maziwa, maziwa yanakatika, na hapo hapo mama anajua kwamba umetumwa maji ya kununua, ukachota ya bure, na hela umeila. Maji ya kunywa yalikuja kwa mkokoteni, kwenye madumu ya njano ya lita 20 yaliyowahi kuwa na mafuta ya kula. Unafungua kifuniko, unanusa kwanza, ndipo unalipa. Sasa uniambie kuna taifa zima linaelea hewani, lina mfalme, lina mawaziri, lina mahakama inayomhukumu Karama kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, halafu nisiulize kuhusu maji?

Mwaka huu nimesoma vitabu vingi vya kubuni vya sayansi na vya njozi, mfululizo, kama mtu anayelipa deni. Na kila nikifungua kimoja naingia nacho swali lile lile. Wanapata wapi maji? Sisemi kila mwandishi achimbe kisima. Nasema ukinibunia dunia, nitaanza kukuamini pale nitakapomwona mtu wa dunia hiyo akiwa na kiu.

Kitabu kilichonijibu kwa sauti kubwa kuliko vyote ni Dune cha Frank Herbert, cha mwaka 1965. Najua wengi mmeona filamu. Someni kitabu. Wachapishaji wengi walikikataa, mwisho kikachukuliwa na kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari, na ukikishika kwa uzito wake unaelewa kwa nini wengine walisita. Sayari yote ni jangwa. Wenyeji wake, Fremen, wanavaa nguo zinazokamata jasho na pumzi na kuzirudisha kuwa maji ya kunywa. Hayo ya nguo mtayasoma wenyewe. Mimi nataka niwape tukio moja la mezani.

Mtawala mgeni, Leto, amekaa na wakuu wake. Anaingia kiongozi wa wenyeji, Stilgar. Anainama juu ya meza nzuri ya mtawala, anatema mate. Pwaa. Walinzi wanataka kuruka. Hapa kwetu ungetolewa nje kwa teke. Kisha mmoja wa watu wa Leto, aliyekwishakaa na wenyeji, anamshukuru Stilgar kwa zawadi ya maji ya mwili wake, naye anatema pale pale mezani. Mnaona? Ukurasa mmoja tu, na tangu hapo huhitaji tena kuelezwa kwamba nchi ile ni kavu. Mimi nilimkumbuka bibi yangu. Asubuhi ya mtihani alikuwa akitutemea mate kidogo utosini, akinong'ona dua. Sisi tulijifuta tukifika njiani. Laiti ningekuwa nimesoma Dune, nisingejifuta.

Kuna na tukio la msiba. Mtu anaitwa Jamis ameuawa katika pambano, na kijana aliyemuua, Paul, anahudhuria mazishi yake. Kwa Fremen, mwili wa mtu ni wake lakini maji yake ni ya kabila. Kwa hiyo marehemu anakamuliwa, maji yanapimwa, na aliyeshinda anakabidhiwa hesabu: lita 33 na ushee. Sisi tunaomwosha maiti kwa maji, fikirieni watu wanaomwosha kwa kumtoa maji! Nilifunga kitabu nikaenda dirishani. Halafu Paul anatokwa na machozi, na watu wanaanza kunong'onezana kwa mshangao, kwa sababu anampa maji maiti. Hakuna aliyewahi kuniandikia chozi likiwa na bei.

Mswahili akisoma kitabu hiki ana faida moja ambayo msomaji wa Chicago hana. Kimejaa maneno ya Kiarabu. Mahdi huhitaji kutafsiriwa. Jihadi huhitaji kutafsiriwa. Paul anapewa jina la panya mdogo wa jangwani, Muad'Dib, na wewe sikio lako linasikia mle ndani neno adabu, neno ulilochapiwa utotoni. Unaingia kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua, akakuta nusu ya nyimbo anazifahamu. Lakini nisikisifu kupita kiasi. Watu wake wanafikiri mno. Kila mtu akiambiwa "karibu", anakaa ndani ya kichwa chake nusu ukurasa akichambua hiyo karibu ina sumu gani.

Kutoka kwenye jangwa la kubuni niliingia kwenye ukame wa jirani zaidi. Octavia Butler, Mmarekani Mweusi, alichapisha Parable of the Sower mwaka 1993, na hadithi yake akaianzisha Julai 2024. Nyie na mimi tumeuishi mwaka huo. Msichana wa miaka 15, Lauren, anakaa karibu na Los Angeles, kwenye mtaa uliozungushiwa ukuta. Mvua haijulikani. Maji yanauzwa ghali mara kadhaa kuliko petroli. Na mtu aliye msafi ni mtu wa hatari, kwa sababu usafi wake unatangaza kwamba nyumbani kwao maji yapo. Kwa hiyo watu wanaacha kuoga wasije wakaporwa.

Nani alimwambia huyu mama habari za Mbagala? Kwetu mwenye tangi kubwa la maji alijulikana mtaa mzima, na mke wake alikuwa na marafiki wengi ghafla. Nani asiyejua kwamba siku ya mgawo hata salamu zinabadilika? Butler hakuhitaji chombo cha angani wala jini. Alichukua bei ya dumu akaipandisha, kisha akakaa pembeni kuangalia watu watafanya nini. Katika vyote nilivyosoma mwaka huu, hiki ndicho kilichoninyima usingizi. Sikukipenda, mtanisamehe. Nakiheshimu kama unavyomheshimu daktari aliyekupa majibu mabaya.

Sasa nitakosana na baadhi yenu.

The Three-Body Problem ya Liu Cixin. Vijana hapo nyuma naona mnatabasamu. Ilitoka kama kitabu China mwaka 2008, ikatafsiriwa kwa Kiingereza 2014, mwaka uliofuata ikawa riwaya ya kwanza ya kutafsiriwa kutwaa Tuzo ya Hugo ya riwaya bora ya sayansi au njozi. Heshima yake ipo. Na swali langu la maji amelijibu kwa namna ambayo sijawahi kuiona popote. Humo ndani kuna mchezo wa kompyuta, na ndani ya mchezo kuna dunia yenye jua tatu, na hakuna ajuaye lini itaungua na lini itaganda. Majira mabaya yakija, amri inatoka: kaukeni. Watu wanajikamua maji yote mwilini, wanabaki ngozi nyepesi, wanakunjwa kama mikeka na kuwekwa ghalani. Majira mazuri yakirudi, wanatupwa ziwani, wanaloa, wanaamka. Jamani, ni dagaa! Mfalme, waziri, mkulima, wote dagaa wa Kigoma, wanasubiri kurowekwa. Nilicheka peke yangu kwenye daladala hadi mama mmoja akahamisha mtoto wake.

Na kuna lile jeshi la watu milioni 30, kila mmoja na bendera nyeusi na nyeupe, wanapandisha na kushusha bendera zao mpaka uwanda mzima unakuwa kompyuta moja inayopiga hesabu. Nani angewaza hivyo? Liu Cixin aliwaza.

Lakini niulizeni jina la yule mtafiti anayecheza mchezo huo. Wang Miao. Ana mke. Ana mtoto. Mke wake anakula nini? Anacheka vipi? Wakigombana, nani anaanza kusema samahani? Nimemaliza kitabu kizima sijui, na Wang Miao mwenyewe sidhani kama anajua. Ye Wenjie peke yake, yule mwanamke aliyemwona baba yake akiuawa hadharani wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ndiye mtu mwenye damu humo ndani. Wengine ni mabomba ya kupitishia mawazo. Mtaniambia kwamba mawazo ni makubwa mno, watu hawana nafasi. Mimi nasema dagaa wale walinigusa kuliko Wang Miao, na hilo si jambo la kujivunia kwa mwandishi.

Kwa haki, nyumbani pia tunalo gonjwa la aina hiyo. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, nimeirudia mwaka huu kwa hamu. Dzombo amehukumiwa kifo, anaingizwa kwenye chombo arushwe akafie mbali, naye anafika nchi nyingine. Lisomeni jina la nchi polepole: wale ni sisi. Ujanja wa jina hilo peke yake unatosha bei ya kitabu. Ila wenyeji wa Walenisi wanaeleza mno. Mgeni wa watu katoka kunusurika kifo, mpeni uji kwanza, falsafa baadaye!

Nifike kwa Binti. Mwandishi ni Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na kitabu ni kifupi, cha 2015, kilichopata tuzo za Hugo na Nebula kwa riwaya fupi. Binti hapa ni jina la mtu. Kwetu sisi jina hilo linaning'inia, unangojea uambiwe binti nani. Basi anatajwa kamili: Binti Ekeopara Zuzu Dambu Kaipka wa Namib. Naam, Zuzu. Nilipofika hapo nilimwonea huruma, maana msichana mwenyewe ni bingwa wa hisabati. Na kwenye kitabu cha pili kuna kijana anaitwa Mwinyi, kwa hiyo mkijisikia nyumbani si bure.

Binti ni Mhimba. Wahimba wako kweli, kaskazini mwa Namibia, na wanawake wao hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Kitabuni unaitwa otjize, kama wanavyouita wenyewe. Nchi ni kavu, maji ya kuoga ni anasa, na ule udongo ndio usafi, ndio pambo, ndio heshima. Binti, miaka 16, ni wa kwanza wa watu wake kupata nafasi kwenye chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Anatoroka nyumbani usiku. Uwanja wa vyombo vya angani, akiwa kwenye foleni, mwanamke wa kabila lingine anamvuta msuko kutoka nyuma, bila hodi, na kuanza kujadili na wenzake harufu ya udongo ule. Dada zangu, kuna asiyewahi kushikwa nywele na mtu asiyemjua? Mwandishi ametupeleka kwenye nyota, lakini kwanza ametupitisha kwenye foleni.

Njiani chombo kinavamiwa na viumbe kama yavuyavu, Meduse, wanaua karibu wote. Binti anabaki na chupa yake ya otjize, inapungua siku hadi siku. Hapo ndipo kitabu kiliponishika koo. Anahesabu udongo kama sisi tulivyohesabu madumu. Ukiisha, yeye ni nani? Ni Mhimba wa wapi, asiye na ardhi ya kujipaka? Akifika huko chuoni anachimba udongo wa sayari ya ugenini, anachanganya na mafuta, halafu anaogopa kuujaribu. Watu wetu walioko Muscat na Minnesota wataielewa hofu hiyo: umepata unga, umepata nazi ya kopo, umepika, na sasa unaogopa kuonja.

Dosari ninayo. Wanafunzi wote wale wameuawa, wenzake aliokuwa akila nao, na baada ya kurasa chache mmoja wa Meduse anakubaliwa chuoni kama mwanafunzi, maisha yanaendelea. Msiba haukupewa hata siku tatu. Kwa watu wa matanga kama sisi, hilo linakera.

Nimebakiza kimoja, na nimekiweka mwisho kwa makusudi. A Wizard of Earthsea, Ursula K. Le Guin, 1968. Nimechelewa kukisoma, najua. Dunia yake yote ni visiwa, mamia ya visiwa, na watu wake wengi wana ngozi ya kahawia au nyeusi, ingawa mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilimfanya shujaa wake kuwa Mzungu na mwandishi akalalamika waziwazi. Shujaa huyo ni Ged. Nimwiteje kwa Kiswahili? Nikisema mchawi mtamkimbia. Tumwite fundi, kama Wapemba wanavyomwita mtu wa kazi hizo. Ged ni fundi kijana mwenye kiburi. Shuleni, kwa kutaka sifa, anaita kitu kisichoitwa, na kivuli kinatoka kumwinda. Kitabu kizima ni kukimbizana na kivuli hicho baharini.

Ana uwezo wa kuita upepo. Amekwishaua majoka. Na siku moja chombo chake kinavunjika kwenye kifungu cha mchanga katikati ya bahari, wala hakina jina kwenye ramani. Anakuta kibanda, na ndani yake wazee wawili, kaka na dada, waliotupwa hapo tangu wadogo. Hawajui lugha yake. Mwanamume anatetemeka kwa woga muda wote. Mwanamke anazoea kidogo, anamwonesha hazina yake: gauni la mtoto, la hariri, lenye lulu. Ni gauni lake mwenyewe. Walikuwa watoto wa kifalme, na maisha yao yote wameyamaliza hapo, wakinywa maji ya kisima cha chumvi.

Mmesikia? Kisima cha chumvi.

Ged anawaza kuwachukua awapeleke kwenye watu. Mzee anakataa kwa ishara, anaogopa. Basi fundi mkubwa huyu, mwenye kivuli mgongoni, mwenye haraka kuliko mtu yeyote kitabuni, anafanya nini? Anakisemea kile kisima. Maji yanapanda mchangani, matamu, baridi, kama ya mlimani, na hayakauki tena. Le Guin anatuambia kwamba leo kibanda hakipo, wazee hawapo, lakini mabaharia wamekiweka kisiwa hicho kwenye ramani, na wanakiita Kisiwa cha Chemchemi.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Kwenye hadithi hii kuna majoka, kuna vita vya mapepo, kuna mnara wenye jiwe linaloongea. Vyote nimevisahau nusu. Kisima sijakisahau. Nilimwona mama yangu ameinama juu ya sufuria, anaangalia maziwa kama yatakatika. Ningekuwa na uwezo wa Ged kwa dakika moja tu, majoka ningeyaacha yapite zao.

Kuna na mvuvi mzee mwenye mtoto wa jicho. Ged anamponya macho, mzee anampa mashua, na anamwomba kitu kimoja: aichoree macho huku na huku ya omo, yamlinde na miamba. Waliofika Lamu mmeyaona macho hayo kwenye majahazi. Le Guin aliandika hayo akiwa Marekani. Mimi sina maelezo, nina furaha tu.

Wiki iliyopita nilimsimulia mpwa wangu Kusadikika. Yuko darasa la nne. Nikamwambia kuna nchi iko angani, ina mfalme na mawaziri na mahakama. Nikanyamaza makusudi, nimpe nafasi. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Naye akauliza lile lile la maji. Nikamjibu kwamba huenda wanakinga mvua kabla haijatufikia sisi huku chini. Akafikiri, akaweka kijiko mezani, akauliza:

"Mjomba, na wakienda chooni?"

Sikuwa na jibu. Aliangalia juu, kisha akauvuta ubwabwa wake kivulini, chini ya bati.

Haya, sasa ni zamu yenu. Ulizeni chochote, hata kile kisichoulizwa kwenye mtihani. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo pale mlangoni, na nimeyanusa.